Yardrat: Sayari Ambayo Hatukuonyeshwa

Wasee, mkiniuliza ni sayari gani naipenda zaidi kwenye Dragon Ball, mtatarajia niseme Namek. Kila mtu husema Namek. Ama mtadhani nitataja ile sayari ndogo ya Kaio, ile unaweza kuizunguka kwa miguu kabla chai yako haijapoa. Jibu langu ni Yardrat.

Najua kuna mtu hapo ameanza kukuna kichwa. Yardrat? Hiyo ilikuwa kipindi gani? Sikulaumu. Yardrat ndiyo sayari ambayo Goku alikaa muda mrefu, akajifunza mbinu ambayo baadaye iliokoa dunia isilipuliwe, na sisi tuliokuwa tunamfuata kila siku karibu hatukupelekwa huko. Tulibaki stejini tukimngoja, kama watu waliokosa matatu ya mwisho.

Nimeijua hiyo sayari tangu nikiwa darasa la saba, enzi za kujaziwa vipindi kwenye flashi pale duka la sinema. Lakini kuielewa nilianza nikiwa na miaka 21, baada ya kuacha chuo.

Kwa wale hawajaiona, wacha niwapeleke haraka. Dragon Ball ni manga ya Akira Toriyama, iliyotoka kwenye jarida la Weekly Shōnen Jump kuanzia 1984 hadi 1995, sura 519. Sehemu yake ya pili ndiyo ikawa anime ya Dragon Ball Z, 1989 hadi 1996, vipindi 291. Toriyama aliaga dunia tarehe 1 Machi 2024 akiwa na miaka 68. Habari zilipotufikia, grupu yetu ya WhatsApp, ambayo hainyamazi hata saa nane usiku, ilinyamaza.

Sasa, Yardrat inaingia hivi. Goku anapigana na Frieza kwenye sayari ya Namek, na Namek iko karibu kulipuka. Wengine wote wanahamishwa hadi Duniani kwa nguvu za ile mipira saba ya joka. Wanabaki wawili tu, Goku na Frieza. Sayari inalipuka. Nyumbani watu wanalia, wanajua Goku amekufa.

Baada ya siku 130, mipira ya Namek inaamka tena. Wanamwita joka Porunga wamrudishe Goku. Hapo ndipo joka linawaambia kitu ambacho hakuna aliyekitarajia: huyo mtu hajafa. Wanafurahi, wanaomba basi aletwe nyumbani. Joka linajaribu, kisha linawaambia kwamba amekataa. Atakuja mwenyewe, baadaye.

Manze, mara ya kwanza kuona hiyo nilikasirika kama ni ndugu yangu. Umeacha bibi, umeacha mtoto, wamekusanya mipira saba kwa ajili yako, halafu unasema ati utakuja baadaye? Kwani uko na shughuli gani?

Siku nyingine 130 zikapita, mipira ikaitwa tena, na bado hakuna Goku. Wakati huo waliotengeneza anime walilazimika kujaza pengo, wakatupea ile stori ya Garlic Junior, vipindi 10 ambavyo havimo kabisa kwenye manga. Fikiria. Walikuwa na nafasi ya vipindi 10 vizima, na hata hivyo hawakutupeleka Yardrat.

Halafu siku moja Frieza anafika Duniani, nusu chuma nusu nyama, na babake akiwa kando. Kijana asiyejulikana kwa jina la Trunks anawamaliza wote wawili na kuwaambia kina Bulma kwamba Goku atatua karibu na hapo baada ya saa 3. Na kweli, saa zikifika, chombo cha duara kinaanguka. Goku anatoka amevaa nguo za ajabu, kola kubwa na mabega yamevimba, kama mtu aliyetoka kwenye harusi ya watu asiowajua.

Maelezo yake ni mafupi. Namek ilipokuwa inapasuka alipata kimoja cha vyombo vya Kikosi cha Ginyu, akaingia, akabonyeza vitufe bila kujua anachobonyeza. Chombo kilikuwa kimepangiwa kwenda Yardrat. Kikosi cha Ginyu hakikuwa na tabia ya kwenda mahali kusalimia watu, kwa hivyo mnaweza kukisia kwa nini sayari hiyo ilikuwa kwenye orodha yao. Vegeta anaijua. Anasema wenyeji wake hawana nguvu nyingi za mwili, lakini wana mbinu za ajabu. Goku alijifunza moja ya hizo, Shunkan Ido, kuhama papo hapo. Anaweka vidole viwili kwenye paji la uso, anapotea, anarudi akiwa na miwani ya jua ya Mzee Roshi, ambaye yuko mbali sana, kwake kisiwani. Watu wanabaki midomo wazi.

Basi. Muda wote ule umeelezwa kwa mazungumzo ya kurasa chache, na stori inaendelea.

Sasa angalieni kitu ambacho nilikikosa nikiwa mdogo. Mafunzo makubwa ya Dragon Ball Z yana nambari. Kwa Kaio, uzito ni mara 10 ya Dunia. Kwenye chombo cha kwenda Namek, Goku anajizoesha hadi mara 100. Kile chumba cha kwa Kami, siku moja nje ni mwaka mmoja ndani. Kabla ya mashine za kuua hazijafika, wana miaka 3 ya kujiandaa. Na juu ya hizo zote kuna vile vifaa vya machoni vya jeshi la Frieza vinavyosoma nguvu ya kila mtu, kama mizani ya sokoni. Tulikua tunabishana mtaani kwa hizo nambari. Nani ana ngapi, nani amempita nani.

Yardrat haina nambari hata moja. Hatujui alirudia zoezi mara ngapi. Hatujui alishindwa siku ngapi. Hakuna kifaa kilichopima. Aliporudi, kilichokuwa kimebadilika hakingeonekana hata kama ungempima, kwa sababu hakikuwa nguvu. Kilikuwa njia ya kufika.

Hapo ndipo nasimama kidogo, kwa sababu kazi yangu mimi ni nambari. Nikiamka, kitu cha kwanza ni kuangalia jana video imetazamwa na watu wangapi. Nikiwa chuo ilikuwa alama. Nikiwa shule ya msingi ilikuwa namba ngapi darasani, na jirani alikuwa akijua namba yangu kabla sijafika nyumbani. Kizazi chetu kimevaa kile kifaa cha Frieza machoni tangu tukiwa wadogo, na hatujawahi kukivua.

Niliacha chuo mwaka wa pili, muhula wa pili. Sitaifanya stori ya huzuni. Ada ilikuwa imepita uwezo wa nyumbani, deni lilikuwa linapanda kila muhula, na nilikaa chini nikapiga hesabu. Nilikuwa nasoma takwimu, kwa hivyo hesabu najua kupiga. Nikaona haitatoka. Nikatoka mimi.

Nilienda kufanya kazi kwa mzee mmoja anayerekodi harusi, ruracio na mazishi. Sisi tulimwita Mzee wa Kamera, na yeye aliitika bila shida. Nilikaa naye miezi 14. Katika hiyo miezi 14 sikuposti kitu hata kimoja. Akaunti yangu ilikuwa na wafuasi 312 nilipoanza na nafikiri walikuwa 309 nilipomaliza. Rafiki yangu wa chuo aliniandikia: msee, bado uko hai? Nikamjibu niko. Akauliza niko wapi. Nikashindwa kumweleza kwa ujumbe mfupi.

Miezi 3 ya kwanza sikugusa kamera. Nilikunja nyaya. Kuna namna ya kukunja waya ili usikatike ndani, na Mzee alinifanya nirudie hadi mkono ukajua wenyewe. Nilichaji betri usiku. Nilishika taa hadi bega likawaka moto. Nililala kwenye gari la vyombo tukitoka Kitengela saa nane usiku, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tuko Limuru kwenye baridi.

Alipoanza kunipa kamera, alinifundisha kitu kimoja ambacho hakuna video ya mafunzo ilikuwa imeniambia. Alisema: "Kijana, usimwangalie bibi harusi. Kila mtu anamwangalia. Tafuta nani anamwangalia tofauti na wengine." Nikafikiri ni maneno ya wazee tu. Lakini nikaanza kufanya hivyo. Harusi moja, wakati wa kukata keki, watu wote wanapiga makofi, nikahisi kitu upande wa hema la chakula. Nikageuka. Kulikuwa na dada mkubwa wa bibi harusi, ameshika sahani za watu, amesimama tu. Nikamwelekezea kamera kabla hajafanya chochote. Sekunde chache baadaye machozi yakatoka, bila sauti, na akaendelea kupanga sahani. Familia ilipoona hiyo klipu walituita kuomba nakala yake peke yake. Yule dada ndiye alikuwa amemlea.

Mkiuliza hiyo ni ujuzi gani, sijui jina lake. Kwenye Dragon Ball wanaiita kusikia ki, ile nguvu ya uhai ya mtu, hata kama yuko nyuma ya mlima. Mimi naiita kukaa miezi 14 ukishika taa.

Sasa rudini kwenye ile mbinu ya Yardrat, kwa sababu ina sharti ambalo watu wengi hulipita haraka. Shunkan Ido haikupeleki mahali. Inakupeleka kwa mtu. Goku lazima kwanza asikie ki ya mtu fulani huko anakoenda, ndio ahame. Mahali pasipo na mtu anayemsikia, hawezi kufika, hata awe na nguvu kiasi gani. Alipotaka kwenda Namek mpya kumtafuta mlinzi mpya wa Dunia, hakuweza kuwasikia Wanamek kutoka alipokuwa. Ikabidi aende kwanza kwa Kaio kuuliza wako upande gani wa anga, asikilize, ndipo akafika na kurudi na Dende.

Na ile siku Cell alipojivimbisha ili alipuke na Dunia nzima, Goku alimgusa tumboni, akahama naye. Alienda wapi? Kwa Kaio, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na ki anayoijua na inayofikika haraka. Goku alikufa pale, na Kaio pia akafa. Dunia ikabaki. Hiyo yote ilitokana na mbinu aliyofunzwa na watu ambao Vegeta aliwaelezea kama wanyonge, kwenye sayari ambayo sisi hatukuona hata jikoni kwao.

Nikifikiria miezi yangu 14, naona pia nilichopata kilikuwa watu. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa kama mimi ilitoka kwa yule dada wa sahani. Ya pili ilitoka kwa binamu yake. Sahii nikipewa kazi, mara nyingi ukifuata uzi nyuma utafika kwenye hema fulani ambapo nilishika taa. Wafuasi wamekuja baadaye, na nawashukuru, si utani. Lakini wafuasi hawakunifikisha popote siku ile sikuwa na kodi. Watu wawili watatu wanaojua sauti yangu ndio walinifikisha.

Haya, tumesifu Yardrat vya kutosha. Sasa tumtaje mtu ambaye mashabiki hupenda kumcheka: Chi-Chi.

Kila siku naona vibonzo vya kumkejeli. Ati anapiga kelele, ati anamlazimisha Gohan asome, ati ndiye sababu Goku aliogopa kurudi. Nyinyi mnaocheka, hebu mpigeni hesabu. Mume wake alikuwa Yardrat kwa hesabu ya chini kabisa siku 260, na taarifa pekee aliyopata ni kupitia joka, kwamba mume wako yuko hai na hataki kuja sahii. Yeye ndiye aliyebaki na mtoto. Yeye ndiye alipika. Jirani akiuliza Goku yuko wapi, ni yeye wa kujibu. Yardrat haikuwa bure. Mtu alikuwa anailipia, na huyo mtu hakuwa Goku.

Mathe yangu huuza nguo za watoto sokoni Nakuru. Kwa miezi 14 hiyo, kila chama kilipokutana, kuna mama aliyeuliza: kijana wako anamaliza chuo lini? Yeye alijua nimetoka, nilimwambia siku ileile. Lakini alichowajibu ni: "Anajifunza kazi Nairobi." Haikuwa uongo. Wenzake walikuwa wanaleta picha za mahafali, kofia na joho, na yeye alikuwa na sentensi moja. Aliirudia kwa sauti ileile kila mwezi, kisha akarudi nyumbani na kunipigia kuniuliza kama nimekula.

Kwa hivyo mtu akiniambia eti kujificha na kujijenga kimya kimya ni kitu cha mtu peke yake, mimi hubisha. Muulize huyo mtu ni nani anajibu maswali yake akiwa huko.

Na sasa nifike kwa kitu kilichonifanya niandike hii.

Ndugu yangu mdogo alifanya mtihani wa kidato cha nne, akapita vizuri. Amepata nafasi chuo, anafaa kuripoti Septemba. Mwezi jana akanipigia, ana furaha, nikadhani ananiambia kuhusu vifaa vya kununua. Akasema: "Brathe, mimi siendi. Nataka kuja kwako. Na mimi niende Yardrat yangu." Anaijua stori, kwa sababu mimi ndiye nilimwonyesha.

Wasee, ni vigumu kujibu mtu anapokurudishia maneno yako mwenyewe. Nikimwambia nenda chuo, ataniuliza kwa nini mimi niko sawa bila chuo. Nikimwambia njoo, nitakuwa nimemwambia mathe atafute sentensi nyingine ya kusema kwenye chama. Nilimwomba anipe siku mbili, nikakaa kwa keja nikafikiria, na jibu langu nililipata kwenye mambo matatu ambayo hatukuyazingatia tukiwa wadogo.

La kwanza, Goku hakuchagua Yardrat. Sayari aliyokuwa juu yake ilikuwa inapasuka vipande. Aliingia kwenye chombo kilichokuwa karibu, akabonyeza vitufe. Kile chombo kingempeleka popote. Aliangukia kwa watu wema wenye mbinu, wakampa hadi nguo. Angeweza kuangukia kwa jeshi lingine la Frieza na stori ikaishia hapo. Mimi pia nilibonyeza vitufe. Kwamba nilimpata Mzee wa Kamera na si mmoja wa wale wanaokufanyisha kazi mwaka mzima halafu wanabadilisha namba ya simu, hiyo ni bahati, na kuna wenzangu tuliotoka nao chuo muhula mmoja ambao vyombo vyao viliwashusha pabaya. Nikamwambia: brathe, Namek yako bado haijalipuka. Ada ya muhula wa kwanza iko. Usiruke kutoka kwenye sayari nzima kwa sababu uliona mtu mwingine akiruka kutoka inayowaka.

La pili, Goku hakufika Yardrat akiwa mtupu. Alifika akiwa tayari anajua kusikia ki, kitu alichofunzwa zamani, kabla hata ya Dragon Ball Z kuanza. Bila hiyo, Shunkan Ido isingekuwa na pa kushika. Mimi nilifika kwa Mzee nikiwa na mwaka mmoja na nusu wa takwimu. Nilimtengenezea hesabu za kazi zake kwenye Excel, nani amelipa, nani ana deni, harusi gani ilikula mafuta kuliko faida. Alikuwa akiandika kwenye daftari lililolowa chai. Nafikiri hizo hesabu ndizo zilimfanya anivumilie ile miezi sikujua kushika kamera. Kile nilichosoma chuo kilinifuata huko.

La tatu ni Vegeta. Watu wengi walioacha stori kwenye anime hawajui kwamba Yardrat ilirudi. Kwenye manga ya Dragon Ball Super, inayochorwa na Toyotarou, kuna adui anayeitwa Moro ambaye hula nguvu za sayari na za watu. Vegeta, mwana wa mfalme, yule aliyekuwa amesema Wayardrat hawana nguvu, anaamua mwenyewe kwenda huko kuwa mwanafunzi. Mwalimu wake ni mzee mmoja anayeitwa Pybara. Na hapo hatimaye tunaiona hiyo sayari kidogo, na wakazi wake wadogo wenye vichwa vikubwa.

Lakini angalia alichorudi nacho. Vegeta alirudi na mbinu ya kutenganisha nguvu zilizoibwa kutoka kwa aliyeziiba, ili zirudi kwa wenyewe. Na ilimfaa kweli, kwa sababu zamani yeye mwenyewe aliua Wanamek, na hilo jambo lilikuwa linamkaba. Alijua anaenda kujifunza nini na kwa nini. Yeye hakubonyeza vitufe.

Kwa hivyo nilimpigia ndugu yangu nikamuuliza maswali mawili tu. Unataka kwenda kujifunza nini? Na kwa nani? La kwanza akajibu: "Kama wewe tu." La pili akajibu: "Kwako." Nikamwambia mimi si Pybara. Mimi bado nashika taa za watu, tofauti ni kwamba sasa nalipwa. Siku ukinitajia kitu na mtu, nitakusindikiza hadi mlangoni kwake, hata iwe ni katikati ya muhula, na mimi ndiye nitaongea na mathe. Kwa sasa ripoti Septemba.

Alinyamaza. Akasema nimekuwa kama Chi-Chi. Nikamwambia asante.

Tumekubaliana. Kila harusi ninayorekodi, shilingi 1,500 inaenda kando kwa ada yake ya mwaka wa kwanza. Mathe anaweka yake ya sokoni. Haitoshi bado, na kama mwaka wa pili mambo yatakaza kama yalivyonikaza mimi, tutakaa chini tupige hesabu tena, watatu.

Kuna kitu cha mwisho. Wengi wenu mmekuwa mkiniomba nifanye video ya kwa nini niliacha chuo. Najua ingepata watazamaji. Muziki wa huzuni, picha nyeusi na nyeupe, mimi nikiangalia dirishani. Sitaifanya. Nimewaandikia hapa kile kinachowafaa, na kilichobaki nitabaki nacho, kwa sababu si kila chumba nilichokaa ni lazima kiwe na kamera. Toriyama alikuwa na sura 519 na alitupea Yardrat kwa sentensi chache, na hakuna siku nimehisi ameniibia.

Lakini wewe ambaye uko huko sahii, ambaye umezima simu, umetoka kwenye magrupu, unajifunza ushonaji ama kuandika programu ama kukata nywele nyuma ya duka la mtu, na nyumbani hawajui uko wapi: kuna mtu anaulizwa kwa ajili yako. Hata Goku aliyekataa kurudi alipitisha jibu kwa joka kwamba yuko hai na atakuja. Huna joka, una bando. Tuma ujumbe leo, hata wa maneno manne, kisha urudi kazini.